Wiki Saba za Tabora: Mtihani wa Shule ya Biashara na Siasa ya Muda

Mtihani wa kujiunga na shule ya biashara hupima hesabu, lugha na uwezo wa kuchambua takwimu. Ndivyo watungaji wake wanavyosema, na hawasemi uongo. Lakini kabla ya hayo yote mtihani huo humpima mtu katika jambo ambalo halimo kwenye maswali: ana muda kiasi gani wa kujiandaa, na muda huo ameupata kwa gharama ya nani. Kwa miaka kadhaa nimewatungia na kuwasahihishia wengine mitihani. Mwaka 2024 niliketi upande wa pili wa meza, nikiwa na wiki saba tu za kujiandaa, nikiishi Tabora, nikiwa na kazi ya kila siku na familia ya kuitunza. Ninaandika kwa makusudi mawili: kumsaidia mwanafunzi au mtumishi atakayejikuta katika hali kama yangu, na kuuliza swali la kisiasa ambalo mitihani ya namna hii hulifunika.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Shule moja ya biashara ya ng'ambo ilikuwa tayari kunipokea kwa masomo ya shahada ya uzamivu, na ufadhili ulikuwapo, kwa sharti kwamba niwasilishe matokeo ya mtihani wa GMAT yasiyopungua alama 555. Habari hizo zilinifikia mwishoni mwa Julai. Nilipohesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho ya kupokea matokeo, niliona kuwa siku ya mtihani haiwezi kuvuka katikati ya Septemba. Wasomaji walio vyuoni wanajua maana ya shahada ya uzamivu kwa mhadhiri msaidizi. Bila hiyo, hapandi daraja, hasimamii tafiti za wanafunzi wa juu, na kila mwaka mkataba wake huwa na alama ya kuuliza. Kuikosa tarehe ile kulikuwa na maana ya kungoja mwaka mzima, na ufadhili haungoji mtu.

GMAT una umri mkubwa. Ulianza kutolewa mwaka 1954, baada ya shule chache za biashara za Marekani kukubaliana kuwa zinahitaji kipimo kimoja cha kuwachuja waombaji. Toleo linalotumika sasa lilianza Novemba 2023. Lina maswali 64 ya kujibiwa kwa dakika 135: maswali 21 ya hesabu, 23 ya lugha na 20 ya uchambuzi wa takwimu, na kila sehemu ina dakika 45. Ukigawanya, unapata kama dakika mbili kwa swali moja. Kompyuta huchagua swali linalofuata kwa kutazama ulivyojibu yaliyotangulia. Ukipatia, huletewa gumu zaidi, na ukikosea, huletewa jepesi. Ukiishiwa na muda ukaacha maswali ya mwisho bila kuyajibu, unaadhibiwa. Alama ya chini kabisa ni 205 na ya juu kabisa ni 805. Katika sehemu ya hesabu hairuhusiwi kutumia kikokotoo, neno ambalo mtumishi wa umma wa Tanzania akilisikia hufikiria kiinua mgongo chake kabla ya kufikiria hesabu.

Hesabu zenyewe hazizidi sana zile za kidato cha nne: asilimia, uwiano, namba tasa, milinganyo. Jiometri iliondolewa katika toleo hili. Mtu aliyepewa siku nzima na karatasi za kutosha angeyajibu mengi. Ugumu uko katika saa inayotembea kwenye kona ya kioo.

Tabora ni mahali pazuri pa kutafakari habari ya muda. Mji huu ulikua kwa sababu ya safari ndefu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikavuka pori la Mgunda Mkali, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikagawanyika, mingine kuelekea Ujiji, mingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 na kufika Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya wakati ule, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Reli ya Wajerumani ilipofika mwaka 1912, mwendo wa miezi ukawa wa siku chache. Umbali haukupungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni nani anayelipia muda, na kwa namna gani.

Kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, ipo nyumba ya tembe iliyohifadhiwa kwa kumbukumbu ya Livingstone. Wanafunzi wangu wengi wamewahi kupelekwa pale, wakaelezwa habari za mvumbuzi. Mimi huwaambia wazingatie tarehe. Stanley aliondoka pale Machi 1872 akarudi pwani. Livingstone alibaki mpaka mwishoni mwa Agosti, zaidi ya miezi mitano, akiwangoja wapagazi ambao Stanley alikuwa ameahidi kumtafutia. Mzungu aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika Afrika ya zama zake hakuweza kusogea, kwa sababu watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya shule walikuwa bado njiani. Huo ndio ukweli wa kwanza kuhusu muda wa mtu yeyote: mara nyingi umo mabegani mwa wengine.

Kwa hiyo nilipoanza kupanga wiki zangu saba nilijiuliza kwanza ni nani atakayebeba. Nilipiga hesabu nikapata saa 16 kwa wiki: saa mbili kila alfajiri ya siku ya kazi, kuanzia saa kumi na nusu, saa nne Jumamosi na saa mbili Jumapili jioni. Mara saba, ni saa 112. Nikaomba siku kumi za likizo yangu ya mwaka nizitumie katika wiki mbili za mwisho, si kwa kuongeza saa bali kwa kupata usingizi. Mwenzangu wa idara akakubali kunishikia vipindi viwili. Na saa za alfajiri, ambazo ndizo za kuwaandaa watoto kwenda shule, zilitoka kwa mke wangu, ambaye naye ni mwalimu na ana darasa la kulikuta saa moja na nusu.

“Baba, wewe shika daftari lako,” aliniambia. “Watoto niachie mimi mpaka Septemba.”

Nilijua kuwa kabatini kulikuwa na fomu yake mwenyewe ya kuomba kujiendeleza, iliyokaa humo tangu mwaka uliotangulia kwa sababu muda haukupatikana. Hakuitaja. Nami niliiona kila nilipofungua kabati kutoa vitabu. Tunapozungumzia juhudi za mtu aliyefaulu, tungefaa kuuliza ni fomu ya nani iliyobaki kabatini ili yeye afaulu.

Jumapili ya kwanza nilifanya mtihani mzima wa mazoezi kabla ya kusoma chochote. Hili ndilo shauri langu la kwanza kwa mwenye muda mfupi. Wengi huanza na ukurasa wa kwanza wa kitabu kinene, na siku ya mtihani inawakuta katika sura ya tano. Mtihani wa mazoezi humwambia mtu alipo, na hapo tu ndipo anapoweza kuchagua njia. Nilipata 475. Nilihitaji alama 80 zaidi, na nilikuwa na siku 48.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi ya reli. Jioni moja alinikuta barazani nikiwa na vitabu vinne mbele yangu, akaniuliza ni shauri gani lililonifanya nirudi kuwa mtoto wa shule. Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akaniuliza: “Sasa mwanangu, mizigo yote hii inakwenda?”

“Ndiyo mzee, yote imo katika mtihani.”

“Sikukuuliza kama imo. Treni ikifika Tabora, mabehewa yote yametoka Dar es Salaam, ni halali yote. Lakini hapa tunayakata. Ya Mwanza yanakwenda Mwanza, ya Kigoma yanakwenda Kigoma. Ukivuta yote kwa kichwa kimoja hufiki kokote.”

Nilimshukuru, na usiku ule nikaanza kukata. Niliyachambua majibu ya mtihani wa mazoezi kwa kuyagawa mafungu matatu: maswali niliyoyajua na kuyapata, maswali niliyoyajua lakini yakanila muda, na maswali ambayo hata ningepewa saa nzima nisingeyaweza. Mtu mwenye mwaka mzima angeanza na fungu la tatu. Mwenye wiki saba aanze na fungu la pili, kwa sababu elimu yake tayari anayo na kinachokosekana ni kasi na utaratibu. Maswali ya kuhesabu mpangilio wa vitu na ya uwezekano mgumu niliyaacha kabisa. Niliamua kwamba yakinijia nitakisia kwa nusu dakika na kusonga mbele, na dakika iliyobaki niipe swali ninaloliweza. Toleo la sasa la mtihani linaruhusu kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu. Nikajizoeza kutumia ruhusa hiyo kwa uangalifu.

Nilikuwa pia na daftari moja la kurasa mia. Kila swali nililolikosa niliandika humo mistari mitatu: swali lilitaka nini, nilidhani linataka nini, na ni ishara gani ingenionyesha tofauti. Sikuandika majibu. Kufikia wiki ya nne niligundua kuwa mambo yaliyojirudia hayakuzidi tisa. Mtu anayeona vitabu vinne mbele yake hukata tamaa, lakini mambo tisa yanasomeka.

Kuna aina moja ya maswali ambayo ningependa kila mtumishi wa umma ajizoeze nayo, hata kama hana mpango wa kwenda shule ya biashara. Swali halikutaki upate jibu. Linakutaka useme kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu. Nitoe mfano wangu mwenyewe wa njia ya misafara. Msafara una wapagazi wa pembe na wapagazi wa vitambaa tu. Wapagazi wa pembe ni wangapi? Taarifa ya kwanza: wapagazi wote ni 90. Taarifa ya pili: kwa kila wapagazi wawili wa pembe kuna mmoja wa vitambaa. Taarifa ya kwanza peke yake haitoshi. Ya pili peke yake haitoshi. Zikiwa pamoja zinatosha, na hapo swali limekwisha. Anayeendelea kuhesabu mpaka apate 60 amefanya kazi ambayo hakuombwa, naye ameilipia kwa muda wake.

Nilipoizoea aina hii ya maswali nilianza kuwaza vikao vingi nilivyowahi kuhudhuria, ambamo tulibishana saa tatu juu ya jibu bila mtu kuuliza kama taarifa zilizo mezani zinatosha kulitoa. Na vipo vikao vya namna nyingine, ambamo taarifa zilitosha tangu asubuhi, lakini tukaunda kamati ya kutafuta nyingine. Ustadi wa kujua lini taarifa zimetosha ni ustadi wa utawala, na sioni sababu ya kuwaachia wanafunzi wa biashara peke yao.

Sehemu ya lugha ilikuwa na historia ndefu zaidi ya wiki saba. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kuwa katika Unyamwezi watoto wadogo walizoezwa kubeba kwa kupewa pembe ndogo, ili wakifika ujana mzigo mkubwa usiwe mgeni shingoni. Mtihani huu ni wa Kiingereza kitupu. Upo upande wa dunia ambako mtoto hubeba pembe hiyo ndogo tangu kuzaliwa. Mtoto wa Tabora husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari na kukutana na Kiingereza katika masomo karibu yote kwa siku moja, kisha siku fulani akalinganishwa na yule wa kwanza kwa saa ileile. Sisemi Kiswahili ni kikwazo; nafundisha, nafikiri na naandika kwa Kiswahili bila kupungukiwa. Nasema kwamba kipimo kinachoitwa cha akili kimebeba ndani yake kipimo cha mahali mtu alipozaliwa. Kwa upande wangu, dawa pekee ya muda mfupi ilikuwa kusoma kila alfajiri aya moja ngumu ya uchumi au sayansi na kujiuliza mambo mawili: mwandishi anadai nini, na anategemea nini bila kukisema. Maneno mapya niliyapuuza, kwa kuwa mtihani hauulizi msamiati bali hoja.

Kisha kuna gharama. Misafara ilipopita Ugogo ililipa hongo. Wakati huo neno hili halikuwa na aibu liliyo nayo leo. Lilikuwa ushuru wa wazi ambao mtawala wa mahali aliwatoza wapitao na wanaonywa maji yake, na mabishano yalikuwa juu ya kiasi tu. Mwaka 2024 mtihani huu nao ulikuwa na ushuru wake wa wazi: dola 275 kwa anayeufanya kituoni. Kwa dola iliyokuwa inakaribia shilingi 2,700, hiyo ni zaidi ya shilingi 700,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma wakati ule kilikuwa shilingi 370,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mtumishi wa ngazi hiyo angeupeleka mshahara wa karibu miezi miwili getini kabla ya kuulizwa swali la kwanza. Ongeza bando la intaneti kwa mitihani ya mazoezi, ongeza nauli na malazi. Inawezekana kuufanya mtihani nyumbani kwa kompyuta, lakini anayechagua hivyo lazima awe na hakika ya umeme na intaneti isiyokatika, na katika wiki zangu saba umeme ulikatika mara mbili nikiwa katikati ya mazoezi. Nikajiandikisha kituo cha Dar es Salaam.

Wakati huohuo nilifikiria sana habari za mtu mwingine aliyewahi kujiandaa kwa mtihani wa kujiunga akiwa mwalimu wa Tabora. Julius Nyerere alisoma hapa Tabora School kuanzia mwaka 1937, akaenda Makerere, na mwaka 1946 akarudi kufundisha St. Mary's, ambayo leo ni Mihayo. Huku akifundisha na kushughulika na mambo ya African Association, alijiandaa kwa mtihani wa kujiunga wa Chuo Kikuu cha London ili apate sifa ya kusoma Uingereza. Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh. Sijilinganishi naye. Ninalotaka kusema ni kuwa kusoma kwa ajili ya geti la watu wengine, baada ya saa za kazi, ni desturi ya zamani katika mji huu, na mtu anaweza kupita katika geti hilo bila kugeuka kuwa mlinzi wake.

Hapo ndipo linapoingia somo kubwa zaidi ambalo Tabora imetuachia. Januari 1958 TANU ilifanya hapa mkutano wake mkuu wa mwaka. Swali lilikuwa kama chama kishiriki katika uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ili kuandikishwa, mtu alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au awe anashika wadhifa uliotambuliwa. Tuuite kwa jina lake: ulikuwa mtihani wa kujiunga na siasa ya nchi yako mwenyewe, na Watanganyika walio wengi walikuwa wameshindwa kabla ya kuufanya. Wengi mkutanoni walitaka kususia, na hoja zao zilikuwa za haki. Mwalimu alitetea kushiriki. Mkutano ukakubali, Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake, na uamuzi ule ukaingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Ulipofika uchaguzi wa Agosti 1960, kura tatu ilikuwa imeondolewa, masharti ya kuandikishwa yalikuwa yamelegezwa, na TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Jambo la kuzingatia ni kwamba waliofaulu mtihani ule hawakusema: kwa kuwa tumeufaulu, basi ni wa haki. Waliufaulu kwa kusudi la kuuondoa.

Nauleta mfano huu kwa sababu nimewasikia wanafunzi wangu wakigawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema mitihani ya kimataifa ni ukoloni na haifai kuiheshimu kwa kuifanya. La pili linasema anayelalamika juu ya mtihani ni mvivu, asome. La kwanza lina hoja lakini linabaki nje ya geti. La pili linaingia na kufunga mlango nyuma yake. Uamuzi wa Busara unatuonyesha njia ya tatu: jiandae vizuri, pita, na usisahau masharti yalivyokuwa.

Katikati ya Septemba nilipanda basi la alfajiri hadi Dodoma, kwa barabara ya Itigi na Manyoni, katika nchi ileile ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali na kuivuka kwa mwendo wa kukaza wakihofia kiu. Kutoka Dodoma nikapanda treni mpya ya umeme, iliyokuwa imeanza safari wiki chache tu kabla, nikafika Dar es Salaam usiku. Siku mbili baadaye nilifanya mtihani. Maswali mawili ya hesabu niliyakisia na kuyaacha yaende, kama nilivyokuwa nimejipangia. Matokeo ya awali yalionekana kwenye kioo mara baada ya kumaliza: 565. Nilihitaji 555. Nafasi ile kati ya namba hizi mbili ni hatua moja tu katika kipimo chao, maana alama hupanda kwa kumi kumi.

Siku hizi watu huniuliza siri. Siri haipo, lakini yapo masharti, na masharti hayo yanaweza kuongezwa kwa wengine. Nilikuwa na mwajiri aliyeniruhusu siku kumi. Nilikuwa na mwenzangu aliyekubali vipindi viwili. Nilikuwa na akiba iliyofikia dola 275 kwa shida. Nilikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyeamka saa kumi alfajiri ili mimi nisome. Mwondoe yeyote kati yao, na 565 inakuwa 545, na leo ningekuwa mfano wa mtu ambaye “hakujituma”.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza ni kwa waajiri wa umma. Ruhusa ya masomo tuliyonayo kwa kawaida humsaidia aliyekwisha kupata nafasi. Anayetafuta nafasi hutumia likizo yake, na asiye na likizo hutumia usingizi wake. Siku kumi za maandalizi ya mtihani, zikitolewa kwa utaratibu unaojulikana na si kwa hisani ya mkuu wa idara, zingegharimu kidogo kuliko semina moja ya hotelini.

La pili ni kwa vyuo na maktaba za mikoa ya magharibi, kuanzia Tabora na Kigoma hadi Katavi. Chumba kimoja tulivu chenye kompyuta chache, umeme wa akiba na intaneti, kikifunguliwa alfajiri na jioni, kingemwondolea mtu wa Sikonge au Kaliua mzigo ambao hauhusiani hata kidogo na akili yake. Wasomi walio kazini wangeweza kugawana zamu za kuwasaidia wanaojiandaa.

La tatu ni kwa vyuo vikuu vyetu vinavyotoa shahada za biashara. Masharti ya kujiunga hayakushuka kutoka mbinguni. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwahi kubadilisha njia ya kuingia chuo kikuu, likataka mtu apitie kazini kwanza. Yapo mengi ya kulikosoa azimio lile, lakini lilithibitisha kuwa geti ni uamuzi wa watu na linaweza kujengwa upya. Kitivo cha biashara cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1979, nchi ikiwa bado ya ujamaa, na tangu 2008 kinaitwa Shule ya Biashara. Taasisi ya namna hiyo haikosi watu wa kubuni kipimo kinachouliza mambo ambayo mfanyabiashara wa asali wa Sikonge na mhasibu wa halmashauri wanayajua, kwa ugumu uleule na kwa heshima ileile.

Kwa aliye na wiki saba, au tano, au tatu, nasema: fanya mtihani wa mazoezi leo, kata mabehewa usiyoyahitaji, andika makosa yako kwenye daftari moja, lala usingizi. Kisha waandike pembeni watu wanaokubebea muda huo, uwajue kwa majina. Kwangu orodha hiyo ilianza na jina moja, na mwezi Oktoba fomu yake ilitoka kabatini. Tangu hapo saa kumi alfajiri ni zamu yangu kuwaamsha watoto.